Sarafu Zilizovaliwa

Vitus Mwanisenga alikuwa na swali moja alilomwuliza kila mtu aliyeingia uani kwake Malangali na chuma cha kuuza: "Umekitoa wapi?" Alimwuliza mkulima aliyeleta plau iliyokatika. Alimwuliza fundi umeme aliyebeba nyaya begani. Alimwuliza hata shemeji yake Kornel, siku alipokuja na sufuria iliyotoboka kitako, na Kornel akasusa kumsalimia mwezi mzima.

Biashara ya vyuma chakavu ina majaribu yake. Wapo wanunuzi ambao mfuniko wa mtaro ukipita mbele yao wanaona chuma tu, na Jumapili wamekaa benchi la mbele kanisani. Vitus hakuwa wa kundi hilo. Aliwahi kuletewa kengele ya shule imeviringishwa kwenye shuka. Hakuinunua. Alimfanya aliyeileta aibebe tena hadi kwa mwalimu mkuu, yeye akimfuata nyuma kwa miguu. Hivyo, katika umri wa miaka hamsini na nane, mali yake haikumtisha mtu lakini usingizi wake ulikuwa mzuri. Alijivunia jambo hilo, pengine kupita kiasi.

Maana swali lake lilikuwa na kasoro. Alichonunua alikiuliza. Alichopewa bure hakukiuliza.

Watu huleta vyuma pamoja na takataka zake: misumari, vifungo vya makoti, na mara nyingine sarafu za zamani ambazo hazinunui tena hata kiberiti. Muuzaji huzisukuma zote pamoja na kusema, "Chukua tu mzee, nyongeza." Vitus alizitumbukiza katika kopo la mafuta ya kupikia lililokaa kwenye rafu. Miaka ikapita, kopo likajaa, akaanza la pili. Hakuwa na sababu. Alipenda uzito wake mkononi, na siku isiyo na wateja alizimwaga juu ya gunia na kuzitazama: za Mjerumani zenye taji, za Mwingereza zenye simba, na zile za shaba zenye tundu katikati, ambazo wazee walizibeba kwa kuzitunga kwenye kamba.

Mwezi wa saba, ulezi ukiwa umeshavunwa na baridi ya Ufipa ikiuma masikio mchana kweupe, akaja Jenifer. Huyu alikuwa binti wa mtaa wa Chanji aliyesomea kazi za makumbusho Dar es Salaam, na paroko alikuwa amempa jukumu la kuandaa maonyesho ya jubilei ya parokia.

"Shikamoo, mzee Vitus."

"Marahaba. Umeleta nini?"

"Sijaleta, nimekuja kuchukua," Jenifer akacheka. "Nimesikia una hela za kale."

Vitus akazimwaga juu ya gunia, akarudi nyuma hatua moja kama mtu anayefunua sufuria mbele ya mgeni. Jenifer akachuchumaa. Akachagua, akageuza, akapanga, akaharibu alichopanga.

"Mzee, usinichukie. Huu bado si mkusanyiko. Hili ni rundo."

"Rundo?"

"Rundo. Mkusanyaji anachagua mada. Mmoja anashika za mfalme mmoja tu. Mwingine zenye wanyama. Mwingine za mwaka aliozaliwa babu yake. Ukishika kila kitu hujashika kitu. Mimi nitakupa kabati zima la kioo, jina lako juu kwa herufi kubwa. Lakini nipe mada moja. Tuna wiki tatu."

Jina lake juu ya kioo! Hapo ndipo Vitus aliponaswa. Tangu aanze kazi hii, watu wa jumuiya yake walimwita Mzee Makopo, hata mbele ya wakwe. Kornel aliposikia habari ya kabati alicheka hadi akashika nguzo ya mlango.

"Kabati la kioo! Shemeji, mle utaweka nini, bati la chooni?"

"Utaona, Kornel."

"Nitaona nini? Makopo yakioga?"

Vitus aliapa moyoni kwamba siku ya jubilei Kornel atasimama mbele ya kioo kile na atakosa neno.

Akaanza kutafuta mada. Alijaribu wafalme kwanza, lakini nyuso zao zilikuwa zimesagika, huyu hatofautiki na yule. Akajaribu simba, wakawa wengi, na kila mzee wa mjini alikuwa na simba wake kwenye droo. Akajaribu miaka, akaona imekosekana mingi kuliko iliyopo. Siku nne alizunguka kwenye gunia lile, chai ikipoa pembeni.

Siku ya tano akatenga zenye tundu. Zilikuwa kama sitini. Alipozishika moja moja kwa kidole, akagundua kitu ambacho macho yalikuwa hayajakiona: kumi kati ya hizo zilikuwa na mkato mdogo ukingoni mwa tundu, mkato laini, kama ule ambao kamba ya ndoo huuacha kwenye mti wa kisima. Uzi ulikuwa umepita hapo miaka mingi. Mtu alikuwa amezivaa.

Akapiga paja lake. Hiyo ndiyo mada! Mwingine ana sarafu zilizotumika. Yeye ana sarafu zilizovaliwa. Nani mwingine Sumbawanga nzima angekuwa nayo?

Mkewe, Bertilla, alitoka jikoni na ungo wa maharage. Akaziona zile kumi zimepangwa safu juu ya gunia. Akasimama.

"Hizo umezitoa wapi?"

Vitus akainua kichwa. Katika miaka yao ishirini na saba ya ndoa hakuwahi kuulizwa swali lile. Yeye ndiye aliyekuwa mwenye nalo.

"Zimekuja na vyuma. Nyongeza."

"Nyongeza," Bertilla akarudia. Alifunika maharage kwa khanga, kama mtu anayefunika chakula njia ya vumbi, akarudi jikoni akachambulia huko huko, gizani kwenye moshi. Vitus akasema moyoni kwamba wanawake hawapendi mambo ya kale. Mtu anayetaka kitu sana huwa hakosi la kujiambia.

Moja kati ya zile kumi aliichukua akaisugua kwa jivu na limao hadi ikawaka kama jino la dhahabu. Ilikuwa na alama ndogo ukingoni, kama pigo la ncha ya msumari, na kwenye tundu lake kulikuwa na ukoko mweusi mgumu. Alikwangua ukoko wote kwa kisu. Alama haikutoka, ingawa alisugua hadi vidole vikamwuma. Akampelekea Jenifer kama sampuli.

Jenifer akashika kichwa. "Mzee! Sarafu ya kale haisuguliwi! Uchafu wake ndio wasifu wake. Ukiutoa umemfuta mtu." Kisha akaitazama sarafu ilivyong'aa, akalainika. "Lakini ni nzuri. Niachie hii niipige picha ya bango. Zile nyingine usizisugue. Zipime tu, kila moja nitaiwekea kikaratasi: metali, mwaka, uzito."

Basi Vitus akarudi kupima.

Alikuwa na mizani mbili. Kubwa ilikuwa ya chuma. Ndogo ilikuwa ya kuning'iniza, ya kilo ishirini na tano, yenye uso wa duara na mshale, na aliitumia kwa shaba. Ni aina ile ile wanayopimia watoto wachanga kliniki, na kina mama waliopita uani hawakuacha kumtania: "Mzee Vitus, nikuletee wangu? Kule foleni ndefu."

Ilikuwa saa sita mchana. Jua lilikuwa kichwani, upepo ulikuwa ukigonga mabati, jirani alikuwa akipasua kuni. Vitus alijua kwamba sarafu moja haiwezi kutikisa mshale, kwa hiyo alizifunga zote tisa kwenye kitambaa ili azipime pamoja kisha agawanye. Akatundika kitambaa kwenye ndoano. Hata zote tisa hakutazamia zionekane. Labda mshale ungejisogeza unywele mmoja.

Mshale ulikwenda hadi kilo tatu na kitu.

Akaona ndoano imenasa. Akatoa kitambaa, mshale ukarudi sifuri. Akatundika jiwe lake la kilo moja. Mshale ukasema kilo moja. Akatundika kitambaa tena. Kilo tatu na kitu.

Akakifungua. Akazitazama zile tisa kwa makini kwa mara ya kwanza. Mbili zilikuwa na tundu safi. Saba zilikuwa na ukoko mweusi ndani ya tundu, umechanganyika na udongo mwekundu, kama ule alioukwangua kwenye ile ya sampuli. Akafunga zile mbili peke yake, akatundika. Mshale haukujali. Akafunga zile saba.

Kilo tatu na kitu.

Upepo ulikuwa umetulia. Jirani alikuwa ameacha kupasua kuni. Kitambaa kilining'inia pale uani, juani, na hakikutulia. Chuma ukikining'iniza huyumba, kisha huyumba kidogo, kisha hukaa. Vitus alikuwa ameona hivyo maelfu ya mara. Hiki kilikaa, kikashtuka, kikakaa, kikashtuka. Mshale ulitetemeka kila kiliposhtuka. Alikuwa amewahi kuuona mshale ukienda hivyo mara moja tu, kliniki, siku alipomsindikiza Bertilla kumpima binti yao Salome, aliyekuwa akirusha miguu.

Alikishusha kitambaa. Alipokuwa amekishusha ndipo alipojitambua kwamba mkono mmoja alikuwa ameuweka juu na mwingine ameukinga chini, namna mtu anavyompokea mtoto. Ndani yake hakukuwa na uzito wowote.

Watu husema mengi ya uchawi juu ya Sumbawanga, na wengi wanaoyasema hawajafika. Vitus hakuwa mtu wa ramli; tangu ujana alikuwa amewaambia watu wake kwamba anayekwenda kwa mganga anakwenda kununua uongo. Sasa hakujua pa kwenda. Kilichobaki mikononi mwake ni lile swali lake la miaka yote, akajiuliza mwenyewe, kwa sauti, peke yake uani: "Umezitoa wapi, Vitus?"

Na jibu akalijua. Udongo mwekundu ule ule ulikuwa kwenye plau aliyoinunua masika yaliyopita kutoka kwa Felisian, mfyatua matofali wa Mpui. Plau aliiuliza, akapata jibu lake: ya marehemu baba. Sarafu zilikuwa kwenye mfuko wa nailoni, zimefungwa kwenye mpini. "Hizo nyongeza, mzee." Akazipokea.

Kesho yake asubuhi akawasha pikipiki akaenda Mpui, zile saba zikiwa mfuko wa ndani wa koti.

Felisian hakuwepo. Uani alikuwa bibi yake, Dominika, ameketi juu ya mkeka, miguu imenyooshwa mbele. Magonjwa ya viungo yalikuwa yamemfungia ndani ya ua ule miaka sita. Alikuwa akipepeta ulezi, na makapi yalikuwa yakimwangukia kichwani kama mvua nyepesi.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu. Keti. Felisian yuko bondeni na matofali yake, atakuja akinuka njaa."

Vitus akaketi. Hakujua aanzie wapi, hivyo akatoa kitambaa, akakifungua juu ya mkeka.

Ungo ukasimama.

Dominika hakuzigusa. "Unajua hizi ni nini?"

"Najua ni senti kumi za Mwingereza, bibi."

"Hujui." Alifuta mikono kwenye khanga, polepole. "Katika ukoo wetu, mama akizika mtoto, akazika wa pili, wa tatu akizaliwa alifungwa hii kiunoni. Ilipakwa masizi na mafuta ya nyonyo, ikaachwa hivyo hivyo, haioshwi. Wazee walisema tundu ni mlango. Ugonjwa unaingia upande huu, unatokea upande ule, mtoto unamwacha. Katekista alitukemea. Tulimwitikia ndiyo, tukarudi tukafunga."

"Na mtoto akikua?"

"Anaukata uzi mwenyewe, siku ya kuoa au kuolewa, anaiweka. Hiyo tundu lake ni safi."

Vitus akakumbuka zile mbili alizoziacha nyumbani. "Na asipokua, bibi?"

"Anakwenda nayo," Dominika akasema. "Tulimzika na uzi wake. Uzi unaozea humo humo."

Makapi ya ulezi yalikuwa yametua juu ya zile sarafu saba. Hakuna aliyeyapuliza.

Hapo ndipo Felisian alipoingia, kijana wa miaka thelathini, matope hadi magotini, akipiga mluzi. Aliona mkeka, mluzi ukamfia.

"Felisian," bibi yake akasema, "unachimba wapi udongo?"

"Bondeni, bibi. Si nilikwambia."

"Bondeni wapi?"

"Bondeni tu, kule..."

"Kwenye mti wa msuku uliopasuka na radi?"

Felisian akatazama miguu yake. "Mti niliukata. Ulikuwa umeshakauka."

"Ulikuta nini chini?"

"Hizo. Na vifupa. Vidogo, bibi. Nikajua vya sungura, nikavifukia humo humo." Akajifuta tope magotini. "Nilitaka kujua hivyo."

Vitus alitegemea ukelele, au laana, au ungo urushwe. Badala yake Dominika alinyoosha mkono, akazichukua sarafu moja moja, akazipapasa ukingoni kwa ukucha wa kidole gumba, macho ameyafumba. Ya kwanza akaiweka. Ya pili akaiweka. Alifika ya saba, akaipapasa mara mbili, akaiweka.

"Wangu hayumo," akasema.

"Wako nani, bibi?" Felisian akauliza, na sauti yake ilikuwa imekuwa ndogo.

"Shangazi yako, ambaye hukumkuta. Bertini. Aliishi miezi minane. Mume wangu alikuwa mhunzi. Kabla ya kuifunga aliipiga nukta kwa ncha ya msumari hapa ukingoni, akasema hata kwa Mungu tutamtambua. Zilikuwa ngapi?"

"Nane," Felisian akasema.

Vitus alihisi vidole vyake vikimwuma pale pale vilipomwuma siku ile ya jivu na limao. Alikuwa amesugua alama ile kwa nguvu zake zote. Alikuwa amekwangua uzi wa mtoto kwa kisu na kupuliza vumbi lake.

"Ninayo mimi," akasema. "Nitaileta. Kabla ya Jumapili nitaileta, bibi."

"Wewe ndiye Vitus wa Malangali?" Dominika akamtazama. "Anayeuliza watu vitu vyao wamevitoa wapi?"

"Ndiye."

"Haya," akasema, na kurudi kwenye ulezi wake. Hukumu nyingine zaidi ya hiyo hakutoa. Vitus angependelea fimbo.

Alimkuta Jenifer ukumbi wa parokia, akipima kitambaa cha meza. Lile kabati lilikuwa limeshafika. Lilikuwa refu, kioo safi, na karatasi yenye jina lake ilikuwa tayari imebandikwa: MKUSANYIKO WA VITUS MWANISENGA: SARAFU ZILIZOVALIWA. Alilisoma mara mbili. Lilikuwa kama alivyoliota.

Jenifer akageuka, na Vitus akaiona ile sarafu ya sampuli shingoni mwake. Alikuwa ameitia kwenye mkufu.

"Usinigombeze, mzee. Nilipoipiga picha nikaona bora ivaliwe, si ndiyo mada yenyewe?" Alicheka, huku akijisugua bega. "Ila ni nzito, jamani. Tangu Jumatatu bega hili linavuta, kama nimebeba mtoto mgongoni kutwa. Jana mama mmoja sokoni ameniuliza, 'Wako anaitwa nani?' Nikamwambia sina mtoto. Akaniangalia nyuma, mgongoni, akaondoka bila kuaga."

"Ivue," Vitus akasema.

"Nini?"

"Ivue, mwanangu. Taratibu."

Akamweleza yote wakiwa wamesimama. Jenifer hakuvua mara moja. Alikuwa msomi, na mwanzoni macho yake yaling'aa kwa jambo jingine kabisa.

"Mzee, unaelewa unachokisema? Hakuna mkusanyiko wa namna hii popote! Tukiandika habari hii kwa heshima, watu watatoka Mbeya, watatoka Dar..."

"Mwenyewe yupo hai, anapepeta ulezi Mpui."

"Tungemwomba ruhusa."

"Ungemwombaje?" Vitus akauliza. "Ungemwambia nini? Nisaidie maneno, maana mimi sikuyapata."

Mkono wa Jenifer ukapanda shingoni, na alipokuwa akifungua mkufu Vitus aliona alama nyekundu kwenye ngozi pale sarafu ilipokuwa imelala, duara lenye duara jeupe katikati. Jenifer aliiweka kiganjani mwa Vitus kwa mikono miwili.

"Na kabati?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Sijui. Pengine umpe mwingine."

Alipofika nyumbani alimweleza Bertilla kila kitu, hata habari ya mizani, ambayo alidhani atachekwa. Bertilla hakucheka. Aliingia ndani akatoka na kibuyu kidogo cha mafuta ya nyonyo, na uzi mweusi wa pamba.

"Nakwenda na wewe," akasema. "Wanaume hawajui kufunga."

Jumamosi saa nne asubuhi wakawa Mpui. Ilikuwa lazima Dominika afike bondeni, na pikipiki haikuweza kupita. Felisian akachuchumaa mbele ya bibi yake bila kuambiwa. Bertilla akamfunga bibi mgongoni mwa mjukuu kwa khanga, kama mtoto, naye Felisian akatembea naye robo tatu ya saa kwenye matuta ya mahindi yaliyovunwa, akipumua kwa kelele, machozi na kamasi vikimtiririka, mikono haina nafasi ya kufuta. Hakuna aliyemfuta.

Shimo lilikuwa pana na jekundu, na kingo zake zilikuwa na alama za jembe kama kucha. Hapo jua lilikuwa linawaka lakini pumzi zao zilionekana. Bertilla na Dominika wakaketi chini, wakapaka kila sarafu masizi na mafuta, wakapitisha uzi mpya, wakafunga fundo. Saba hawakuwa na majina. Bertilla alisema Baba Yetu juu ya kila mmoja, akamshusha kwenye kitundu ambacho Vitus alikuwa amekichimba kwa mikono. Ya nane Dominika aliifunga mwenyewe. Ilikuwa bado inawaka kwa ule msuguo wa limao. Alipaka masizi, akapaka tena, hadi ikanyamaza.

"Bertini," akasema, akaiweka chini kama anayelaza mtoto aliyesinzia kwa shida.

Felisian alilifukia shimo wiki ile yote, kwa udongo alioununua kwingine. Tanuru lake la matofali alilibomoa.

Zikabaki siku nne kufika jubilei. Zile sarafu mbili za tundu safi Vitus hakutaka kuziweka kwenye kabati. Hakujua zimetoka wapi, na kanuni ikishavunjwa mara moja hujengwa upya kwa ukali zaidi. Alikuwa uani, amekaa juu ya tairi, anatazama mizani yake ndogo ikining'inia tupu, Bertilla alipokuja akasimama mbele yake na kufungua kifuko cha rozari. Akatoa senti kumi moja, nyeusi, tundu safi, yenye mkato laini ukingoni.

Vitus akaitazama muda mrefu. Kisha akauliza, kwa sababu alikuwa yeye: "Umeitoa wapi?"

"Kiunoni kwangu," Bertilla akasema. "Mama alizika watatu kabla yangu. Niliukata uzi asubuhi ya harusi yetu."

"Miaka yote hii hukusema."

"Wewe ulikuwa unawasema vibaya wenye mambo haya. Na mimi ni katibu wa kina mama wa parokia, wa WAWATA." Akamsukumia. "Chukua. Weka kabatini."

Vitus akainuka. Hakuomba ruhusa, aliifunga kwenye kitambaa kile kile, akaitundika kwenye ndoano, akasubiri mshale. Haukusogea. Kitambaa kiliyumba, kikayumba kidogo, kikakaa.

"Haina kitu," akasema.

"Uzito wake si ninao hapa mwenyewe?" Bertilla akasema, akarudi jikoni kwa hatua zake nzito zinazotikisa vikombe.

Siku ya jubilei, katika kabati refu la kioo, kulikuwa na sarafu moja. Chini yake Jenifer aliandika kwa mkono: Senti kumi. Ilivaliwa na Bertilla, ambaye yupo. Waliokuja na haraka ya kuona mengi walipita. Lakini akina bibi wa Mwimbi na Mpui, walioletwa kwa lori la parokia, walifika pale wakasimama, mmoja baada ya mwingine, foleni ikafika mlangoni. Kila mmoja alipofika mbele ya kioo mkono wake ulishuka wenyewe kiunoni, ukapapasa juu ya khanga, ukakaa.

Kornel aliingia mchana, kofia kichwani, akicheka tangu mlangoni.

"Shemeji! Kabati zima, senti kumi moja! Hata makopo umeshin..."

Akasoma kikaratasi. Akasoma jina la dada yake. Kornel alikuwa amezaliwa mwaka uliofuata baada ya Bertilla, katika nyumba ile ile, kwa mama yule yule. Vitus, aliyekuwa amesimama nyuma yake, aliona mkono wa shemeji yake ukitelemka taratibu chini ya koti, kiunoni, na vidole vikianza kutafuta uzi.